Unakwenda Tanga Desemba? Mzinga wako wa Ulaya uandae mapema

Mtu wa Handeni au Muheza akianza kufuga nyuki Uingereza au Ujerumani, elimu aliyotoka nayo nyumbani humfaa sana: kutulia mbele ya mzinga, kupuliza moshi kwa kiasi, kutogusa sega lenye majana, yaani watoto wa nyuki. Kinachomkwaza ni kimoja. Nyuki wetu njaa ikiwabana, au wakisumbuliwa mno, huhama. Mzinga hubaki mtupu juu ya mti, na msimu ukirejea kundi jingine huingia lenyewe. Nyuki wa Ulaya hawaikimbii baridi. Hubaki na walichonacho, na kikiisha hufa.

Kwa hiyo lile swali la Novemba, "nikienda nyumbani nani atanitazamia nyuki?", huwa limechelewa. Desemba mzinga hauna haja na mtu. Kazi ni ya Agosti na Septemba.

Anza na utitiri wa varoa, mdudu mdogo anayewaganda nyuki. Huzaliana ndani ya vijumba vya majana vilivyofunikwa na kueneza virusi vinavyokunja mabawa. Nyuki kibarua wa kiangazi huishi kama wiki sita tu, lakini wanaozaliwa mwisho wa kiangazi ndio watakaolivusha kundi mpaka masika ya huko, miezi mitano au sita. Wakizaliwa wagonjwa, hakuna sukari itakayowaokoa. Rina asali, kisha weka dawa bila kuchelewa, ile iliyoruhusiwa katika nchi uliyopo na kwa kipimo kilichoandikwa.

Halafu chakula. Uingereza kundi la kawaida huhitaji kilo 18 hadi 20 za asali kuvuka baridi. Kanada ni zaidi sana. Usirine ukakomba. Panapopungua, yeyusha kilo 2 za sukari nyeupe katika lita 1 ya maji, uwape Septemba kabla hakujapoa, maana kwenye baridi hawawezi kuikausha. Sukari guru na ya kahawia usiwape. Huwaharisha, na nyuki hujizuia haja wiki nyingi akisubiri siku ya jua atoke nje. Akishindwa, anachafua masega na ugonjwa unasambaa.

Kujua kama wameshiba si lazima uwe na mizani. Shika ukingo wa nyuma wa sakafu ya mzinga kwa mkono mmoja, unyanyue kidogo sana. Ukigoma kana kwamba umepigiliwa misumari chini, vizuri. Ukiinuka kirahisi, endelea kulisha.

Baridi yenyewe tunaiogopa kuliko nyuki wanavyoiogopa. Wao hujikusanya wakawa tufe, malkia katikati, wakitetemesha misuli ya mabawa hadi ndani kukapata nyuzi 20 na zaidi. Adui ni maji: mvuke wao ukigusa mfuniko wenye ubaridi huwadondokea. Weka kitu cha kuzuia baridi chini ya mfuniko, inamisha mzinga kidogo kwa mbele, na tafadhali usiuvishe nailoni ukaziba hewa. Oktoba punguza mlango na uweke kizuizi cha panya. Kabla ya kupanda ndege, ikiwa hakuna majana, ndio wakati mzuri wa asidi ya oksaliki, dawa ya kuua varoa waliobaki. Vaa miwani, glavu na barakoa ya kemikali. Ufunge mzinga mkanda upepo usiuangushe, uende zako.

Ukiwa Tanga hutakosa kupewa asali, ya Kilindi au ya mikoko ya Pangani. Kula wewe. Usiwalishe nyuki wako asali ya kwingine kokote, huweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa kuoza kwa majana; hata chupa tupu ioshe kabla ya kuitupa. Masega, malkia na vifaa vilivyokwisha kutumika usibebe kabisa. Kuna mende mdogo wa mzinga, asili yake Afrika kusini mwa Sahara. Nyuki wetu humbana pembeni wasimpe nafasi, wale wa Ulaya hulemewa naye. Alishafika Marekani, na mwaka 2014 aliingia kusini mwa Italia. Kama kuna asali ya kuchukua kwa chai, soma kwanza masharti ya forodha ya unakorudi.

Ukirudi Januari, nyanyua tena. Mzinga mwepesi usiupe maji ya sukari. Weka donge la sukari laini moja kwa moja juu ya nyuki, ufunike upesi.

Mwezi mbaya si Desemba, ni Machi: malkia amekwisha kuanza kutaga, walaji wameongezeka na maua hayajafunguka. Kwa miaka hii ambayo Ramadhani inaangukia Februari na Machi, anayetaka kufunga na kula Idi Tanga ndiye hasa anayehitaji mtu. Tafuta mfugaji mwenzio jirani, umwachie donge la sukari na umwonyeshe namna ya kuupima mzinga kwa mkono.