Jinsi ya kutambua malakiti na vito vingine vya shaba vya Katanga

Anayenunua vito Lubumbashi ana kazi ngumu kuliko anavyodhani, kwa sababu mawe mengi yanayoletwa mjini kutoka Kolwezi na Likasi yamepata rangi yake kutokana na shaba ileile, na shaba hutoa kijani na buluu za kila namna. Ukitegemea jicho peke yake, utauziwa krisokola kwa jina la malakiti, au hata plastiki. Mimi hutumia vitu vinne: mkono, mizani ya jikoni, kisu, na kipande cha kigae, upande wake wa nyuma usiong'aa.

Tuanze na malakiti, kwa kuwa ndilo jiwe wageni wanalolitafuta zaidi hapa. Malakiti ni kaboneti ya shaba iliyojijenga tabaka juu ya tabaka katika nyufa ambamo maji yenye shaba yalipita. Chembe za tabaka zikiwa ndogo, kijani hupauka. Zikiwa kubwa, hukolea hadi kukaribia weusi, na ndiyo maana jiwe moja huwa na mistari ya rangi nyingi. Itazame mistari hiyo kwa utulivu. Katika jiwe la kweli unene wake hubadilika kila mahali, hupinda na kubanwa, na hufunga duara kama jicho pale fundi alipokata kwa upana jiwe lililokua likining'inia. Kwenye plastiki, mistari huwa na upana mmoja, mweusi wake umekatwa wazi kama uliochorwa kwa kalamu, na ua lilelile hujirudia kutoka ushanga mmoja hadi mwingine.

Kisha liweke jiwe shavuni. La kweli ni baridi na huchelewa kupata joto. Plastiki hupata joto mara moja. Hata hivyo, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha uzito ndani ya maji. Pima jiwe likiwa kavu na uandike gramu zake. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, halafu lining'inize jiwe kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba inayoonekana sasa. Kidani changu cha malakiti kina gramu 57 kikiwa kikavu, na ndani ya maji mizani huonyesha 15. Jibu ni 3.8, na malakiti safi huwa kati ya 3.6 na 4.05. Jirani yangu aliniletea kidani alichokinunua kwa bei ya malakiti: gramu 32, na kwenye maji 20. Jibu likawa 1.6. Alikuwa amekusudia kumpelekea dada yake zawadi ya nyumbani, na iliniuma kumwambia.

Azuriti ni ndugu wa malakiti, nayo ni kaboneti ya shaba, lakini ni buluu iliyokolea. Polepole hugeuka kuwa malakiti, ndiyo sababu hukutwa pamoja katika jiwe moja. Ikwaruze kwenye kigae: huacha unga wa buluu hafifu, na malakiti huacha wa kijani hafifu.

Krisokola ndiyo inayowachanganya wengi. Rangi yake ni ya buluu-kijani, haina mistari iliyopangika, na ni nyepesi, kati ya 2 na 2.4. Tone la asidi ya hidrokloriki iliyopunguzwa makali hutoa mapovu kwenye malakiti, ila krisokola hukaa kimya. Fanya hivyo chini ya jiwe tu, kwani asidi huharibu mng'ao.

Dioptazi haifanani na hayo matatu. Ni fuwele ndogo zinazopitisha mwanga, kijani cha zumaridi kabisa, na wapo wanaoiuza kama zumaridi. Ugumu wake ni 5 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, kwa hiyo ncha ya kisu cha chuma huikwaruza, lakini haiwezi kuikwaruza zumaridi. Hupasuka kirahisi, hivyo haifai kwa pete ya kila siku.

Jihadhari na jiwe lenye vibamba vyembamba vya mraba, vya kijani king'avu, hasa likisemwa limetoka kwenye migodi ya Shinkolobwe au Musonoi. Linaweza kuwa torbeniti, ambayo ina urani na hutoa mnururisho. Usilinunue, usilihifadhi chumbani mnakolala, na usiwape watoto walichezee.

Ukishanunua malakiti, kumbuka kwamba ugumu wake ni kati ya 3.5 na 4 tu. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, iepushe na ndimu, siki na manukato, na uivue kabla ya kufua. Ukitaka kuichonga au kuisugua upya, fanya hivyo ikiwa imelowa maji na ufunike pua, kwa sababu vumbi lake lina shaba na hudhuru mapafu.