Kuhamishia darasa mtandaoni kabla ya Jumatatu

Tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alipotangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona, vyuo vikuu vilipewa hadi tarehe 20 kufunga. Siku tano tu. Siku hizi maandamano katikati ya Nairobi yanaweza kukuhamishia mtandaoni kwa muda mfupi kuliko huo. Mwalimu mwenzangu, ukiletewa habari hiyo Alhamisi jioni, anza hivi.

Hatua ya 1: Ulizia wanafunzi walipo. Usichague programu bado. Mwombe mwakilishi wa darasa akusanye kwa SMS mambo matatu: mwanafunzi yuko wapi, anatumia simu au kompyuta, na ni mtandao gani unaoshika pale alipo. Aliyekuwa Ngara, Nairobi, kwenye Wi-Fi ya jengo huenda sasa yuko kwao Lodwar, mbali kaskazini, ananunua bando ya siku. Huyo ndiye umpangie somo. Wengine watafuata bila shida.

Hatua ya 2: Punguza. Mhadhara wa saa tatu hauhamishwi mzimamzima. Chukua muhtasari wa kozi, weka alama kwenye yale ambayo mwanafunzi asipoyajua atakwama muhula ujao, na mengine yageuze kuwa usomaji wa hiari.

Hatua ya 3: Rekodi sauti, achana na video. Hapa ndipo wengi wetu tunapowamalizia wanafunzi bando. Piga hesabu: mkutano wa Zoom wa sauti pekee hutumia takriban kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, kwa hiyo saa nzima haifiki megabaiti 40. Video zikiwashwa, unahesabu mamia. Na uso wangu, nasema ukweli, hauongezi chochote kwenye takwimu, somo ninalofundisha.

Simu yako inatosha. Funga madirisha honi za matatu zisiingie, kaa chumba chenye mapazia na nguo, maana kuta tupu hurudisha mwangwi. Rekodi vipande vya dakika nane hadi kumi, kila kimoja wazo moja, na utaje namba ya slaidi kila unapohamia nyingine. Slaidi zigeuze PDF na upunguze ukubwa wa picha. Faili lipe jina linaloeleweka, kama Wiki04_Sehemu2. “Mhadhara mpya wa mwisho kabisa” hautamsaidia mtu wiki ya mtihani.

Hatua ya 4: Kila kitu mahali pamoja. Kama chuo chako kina Moodle, yaani jukwaa la kuwekea masomo mtandaoni, weka humo. WhatsApp iwe ya matangazo tu, na uifunge ili wasimamizi pekee waandike, la sivyo tangazo lako litazikwa chini ya picha za “asubuhi njema”. Alama za wanafunzi zisikaribie kundi hilo kamwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Hatua ya 5: Kipindi cha moja kwa moja kiwe cha maswali. Zoom ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40, na mimi naona hizo zinatosha. Kusanya maswali mapema. Mkabidhi mwakilishi wa darasa uendeshaji wa mkutano ili stima ikipotea kwako kipindi kisife. Usimlazimishe mtu kuwasha kamera: wengine wanakufuatilia kutoka chumba kimoja wanachoshiriki na wadogo zao.

Hatua ya 6: CAT, yaani jaribio la katikati ya muhula. Kumlinda mwanafunzi aliye mbali asidanganye ni kazi bure. Tunga swali ambalo jibu lake haliwezi kufanana. Kwenye takwimu, mwambie akusanye bei za nyanya kwa wauzaji kumi walio karibu naye, akokotoe wastani na mchepuko sanifu (standard deviation), kisha aeleze kwa nini bei zinatofautiana. Wa Gikomba, Nairobi, na wa Kitale hawawezi kunakiliana. Wape saa 48, kubali majibu ya mkono yaliyopigwa picha, na mwisho wa kupokea uwe saa sita mchana badala ya usiku wa manane, ili aliyekatikiwa na stima usiku apate asubuhi ya kutafuta pa kuchaji simu. Kila anayetuma, mjibu “imefika”.