Ukisikia "mvua za wastani" usikimbilie mbegu: ninavyosoma taarifa za tabianchi

Kila inapokaribia Novemba, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikishatoa mwelekeo wa mvua za Msimu, zile za Novemba hadi Aprili, simu yangu hainyamazi. Nilifundisha jiografia miaka mingi, sasa nimestaafu, niko Hombolo, Dodoma, nalima uwele, mtama na alizeti kidogo, lakini mtaani bado naitwa Mwalimu. Basi swali linaletwa kwangu: "Mwalimu, wamesemaje?" Zamani nilikuwa najibu kwa neno moja. Siku hizi sijibu mpaka nikae na ile taarifa, na hapa naeleza ninavyokaa nayo.

Sababu ni hii. Msimu mmoja nilisoma "wastani" nikawaambia wenzangu wa kikundi kwamba mambo yatakuwa mazuri. Mzee jirani yangu akauza mbuzi wawili, akanunua mbegu za mahindi, akaacha uwele wake. Mvua ya kupandia ikaja vizuri. Februari ikakata wiki tatu nzima, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Alinijia na bua moja mkononi, majani yamejikunja kama sigara. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwalimu, huo wastani tunaulaje?" Taarifa haikukosea: mwisho wa msimu jumla kwenye daftari langu iliangukia humohumo kwenye wastani. Niliyekosea ni mimi, niliyesoma neno moja nikafunga karatasi.

Kwa hiyo anza na neno lenyewe. Katika taarifa za Mamlaka, "wastani" si namba moja. Ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali hapo. Ikishuka chini ya 75 ndiyo "chini ya wastani", ikipita 125 ndiyo "juu ya wastani". Sasa chukua kalamu. Dodoma mjini hupata milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Asilimia 75 yake ni kama 428, na asilimia 125 ni kama 713. Msimu wa milimita 430 na msimu wa milimita 700 vyote vinaitwa wastani! Wa kwanza ni wa uwele na mtama, na mwenye mahindi atajuta. Fanya hesabu hii kwa namba ya kwenu. Afisa ugani wa kata anaweza kukusaidia kuipata.

Ukimaliza hapo, ruka mbele. Mimi husoma kwanza sehemu ambazo redio huzipitia haraka: mvua zinatarajiwa kuanza wiki ipi, kuisha wiki ipi, mtawanyiko utakuwaje, na kama kuna onyo la vipindi virefu vya ukavu. Kwetu sisi wa msimu mmoja wa mvua, mtawanyiko ndio unaoua. Halafu angalia eneo. Taarifa ikisema mkoa wa Dodoma inazungumzia Kondoa, Bahi, Kongwa na milima ya Mpwapwa kwa pamoja, na wewe shamba lako ni moja. Na usikariri taarifa ya Oktoba mpaka Machi, maana Mamlaka hutoa mapya kila mwezi na kila siku kumi. Mwelekeo wa msimu ni uwezekano, haukupi tarehe ya kiapo.

Pili, uwe na kipimo chako. Bila hicho utabaki kubishana na taarifa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mvua ni ya uongo kuliko ya deni. Kipimo cha dukani ni kizuri ukiweza. Cha kwangu cha kwanza kilikuwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile iliyonyooka ubavuni. Kata sehemu ya juu pale mabega yanapoishia, igeuze iwe kama faneli ndani ya chupa. Weka kokoto chini ili upepo wa Dodoma usiibebe, mimina maji mpaka yafunike kokoto na ule mkunjo wa kitako, chora mstari hapo: hiyo ndiyo sifuri. Kuanzia mstari huo bandika rula, na kila milimita ya rula ni milimita ya mvua, ilimradi mdomo wa chupa una upana uleule wa ubavu. Iweke uwanjani, mbali na mti au ukuta angalau mara mbili ya urefu wake, na juu kidogo ya ardhi matope yasirukie ndani.

Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile wanayosoma vituoni. Inama mpaka jicho liwe sawa na maji. Utaona maji yamepanda kidogo pembeni na kulala katikati. Soma pale yalipolala. Andika, mwaga, rudisha maji kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua andika 0, usiache wazi, kwa sababu mwakani hutajua kama hapakuwa na mvua au ulikuwa msibani Kongwa. Ukipata zaidi ya 50 kwa saa 24, hiyo ndiyo inayoitwa mvua kubwa. Na ili namba ikuingie akilini: milimita 10 zikianguka kwenye eka moja ni zaidi ya lita 40,000 za maji.

Miaka mitano ya daftari haikupi haki ya kusema tabianchi imebadilika, naomba tuelewane. Shirika la Hali ya Hewa Duniani hupima wastani kwa miaka 30, sasa hivi 1991 hadi 2020. Ndiyo maana kwenye taarifa kubwa swali langu la kwanza huwa: mnalinganisha na miaka ipi? IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, linasema dunia mwaka 2011 hadi 2020 ilikuwa na joto la nyuzi 1.1 zaidi ya kipindi cha 1850 hadi 1900. Ukilinganisha na 1991 hadi 2020, ongezeko hilohilo litaonekana dogo sana, na mjanja anaweza kukuchagulia analolitaka. Vilevile mwaka 2024 ulifika kama nyuzi 1.55 juu ya kile kipindi cha 1850 hadi 1900, watu wakasema kikomo cha 1.5 cha Mkataba wa Paris, ule wa mataifa kuzuia ongezeko la joto, kimevunjwa. Kikomo kile hupimwa kwa miongo. Mwaka mmoja ni onyo, haujawa hukumu.

IPCC wenyewe hawafanyi utafiti mpya. Wanapitia tafiti za wengine, na maneno yao yana bei. Wakisema jambo "huenda", wanamaanisha uwezekano wa asilimia 66 kwenda juu. "Huenda sana" ni 90 kwenda juu. Sisi mtaani "huenda" ni njia ya kukataa mwaliko kwa adabu, kwa hiyo ukitafsiria wenzako kikundini weka asilimia.

Utafiti mmoja mmoja nao usome mpaka mwisho. Hapa jirani, visima vya Makutupora vinavyonywesha jiji la Dodoma vina kumbukumbu za kina cha maji za miaka 55, na mwaka 2013 watafiti walichapisha walichokiona humo: maji ya chini hayajazwi na kila mvua. Hujazwa kwa kurukaruka, na misimu michache ya mvua kali, na mkubwa kuliko yote ulikuwa El Niño ya 1997/98, ileile tunayoikumbuka kwa barabara na madaraja yaliyokwenda. Mtu akisoma nusu atasema mabadiliko ya tabianchi ni neema, mvua kali zije. Asome na nusu ya pili: kati ya mruko mmoja na mwingine kina hushuka miaka kadhaa mfululizo, na jiji linaendelea kunywa.

Kumbukumbu zangu naziweka kwenye kauntabuku ya jalada gumu, naiandika kwa penseli kwa sababu wino ukinyeshewa unakimbia, na usiku naifungia kwenye bati la biskuti. Panya wa Hombolo walishanilia Januari nzima.