Somo: Kumvika askari wa miguu wa Kaskazini, Marekani 1861–1865, hatua kwa hatua

Somo hili ni kwa wachoraji na mafundi wa mavazi ya jukwaani wanaotaka kumwonyesha askari wa miguu wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kasoro inayojirudia katika michoro na maigizo haiko kwenye rangi ya koti, bali kwenye mpangilio wa mikanda. Zana za askari huyu zilipangwa ili mkono wake wa kulia ufikie risasi na fataki (vikofia vidogo vya kuwasha baruti ya bunduki) bila kizuizi, na karibu kila kisichohusika na kufyatua bunduki kikapelekwa kushoto au mgongoni. Anayelielewa hilo hawezi kukosea sana, hata akisahau idadi ya vifungo.

Hatua ya kwanza ni nguo za mwilini: shati la flana, suruali ndefu ya ndani na soksi za sufu. Suruali ya juu ni ya sufu nzito yenye rangi ya buluu ya anga. Rangi hiyo iliagizwa Desemba 1861, na kabla ya hapo suruali ilikuwa ya buluu iliyoiva, kwa hiyo anayechora mapigano ya miezi ya mwanzo aitazame tarehe kwanza. Kanda za mabegani za kushikilia suruali hazikutolewa na serikali. Askari alizinunua mwenyewe au alipelekewa kutoka nyumbani. Viatu ni vifupi, vya ngozi, vinavyofika kwenye kifundo cha mguu, vyenye ncha butu, na soli yake imeshonwa au imepigiliwa kwa vijiti vya mbao.

Hatua ya pili ni koti na kofia. Koti la kazi ni la flana ya buluu iliyoiva, pana, lenye kola iliyolala na vifungo 4 vya shaba vyenye picha ya tai. Halina mfuko wa nje hata mmoja. Mfuko wake uko ndani, upande wa kifua cha kushoto. Lilitolewa kwa saizi 4 tu, ndiyo maana katika picha za wakati ule makoti yanapwaya mabegani na mikono imezidi au imepungua. Fundi anayelibana koti mwilini ili lipendeze anamtoa askari wake katika historia. Kofia ina kilele kinacholala mbele na ukingo mfupi wa ngozi. Kuanzia mwaka 1863, askari wa Jeshi la Potomac, jeshi kuu la Kaskazini upande wa mashariki, walibandika juu yake alama ya kitambaa: nyekundu kwa divisheni ya kwanza, nyeupe kwa ya pili, buluu kwa ya tatu.

Hatua ya tatu ni beti ya risasi, na hapa inafaa kwenda polepole. Ukanda wake hupita juu ya bega la kushoto, ukakata kifua, na beti yenyewe ikakaa nyongani upande wa kulia, nyuma kidogo. Ni ya ngozi nyeusi, yenye vifuniko viwili, na kwenye kifuniko cha nje kuna bamba la shaba lenye umbo la yai na herufi US. Ndani mna vikasha viwili vya bati, kila kimoja cha risasi 20, jumla 40. Kila risasi ilifungwa katika karatasi pamoja na baruti yake, na tonge la risasi peke yake lilikuwa na uzito wa karibu gramu 32. Zilitolewa katika pakiti za 10, zikiambatana na fataki 12, kwa sababu fataki ni ndogo mno na vidole vinavyotetemeka huziangusha. Nusu ya risasi hukaa sehemu ya juu ya vikasha, tayari kuchukuliwa; zikiisha, askari hulazimika kuchomoa kikasha, kutoa pakiti iliyo chini, kuichana na kuzipanga upya, huku adui akiendelea kufyatua. Mwigizaji akifanya kitendo hicho mbele ya watazamaji, kitasema mengi kuliko mayowe.

Hatua ya nne ni mkanda wa kiunoni, unaovaliwa juu ya ukanda wa beti ili beti isirukeruke askari anapokimbia. Kulia kwa bizimu huning'inia kifuko cha fataki, ambacho ndani yake kuna kipande cha ngozi ya kondoo yenye manyoya, ili fataki zisimwagike kifuniko kikiwa wazi. Kushoto hukaa ala ya singe.

Hatua ya tano ni mkoba wa posho na chupa ya maji, vyote kutoka bega la kulia kwenda nyonga ya kushoto, chupa ikiwa juu. Mikanda yake hupita juu ya ule wa kiunoni, ili askari aweze kuvua chakula na maji bila kugusa zana za kupigania. Mkoba ni wa turubai lililopakwa rangi nyeusi, na ndani una mfuko wa pamba unaotolewa kwa kufuliwa, maana nyama ya nguruwe yenye chumvi, biskuti ngumu na kahawa vilikaa humo pamoja. Pamba yenyewe ilipungua kwa vita hivi hivi: viwanda vya Massachusetts vilikosa malighafi ya Kusini, na soko la merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, likayumba Zanzibar.

Hatua ya sita ni shanta, yaani mfuko wa mgongoni. Wengi walilitupa njiani, wakaviringisha blanketi ndani ya kipande cha hema na kulivaa begani.

Maswali ya wanachama

Mwigizaji wangu ni mashoto. Je, naweza kumgeuzia mikanda?

Hapana, ndugu. Askari walisimama safu mbili, bega kwa bega, na mazoezi yaliwataka wote washindilie risasi kwa mdeki (ufito wa kuisukumia ndani ya mtutu) na kuweka fataki kwa mkono wa kulia. Mashoto alijifunza kama wenzake.

Shikamoo mwalimu. Askari weusi walivaa tofauti?

Marahaba. Mavazi yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa kwenye mshahara. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi, na posho ya mavazi juu yake. Mweusi alipangiwa dola 10, kisha 3 zikakatwa kwa ajili ya mavazi. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kilikataa kabisa kupokea malipo hayo, na Bunge lilisawazisha mishahara Juni 1864.

Sufu ya aina hiyo siipati dukani. Nitumie poliesta?

Poliesta hung'aa chini ya taa za jukwaa, na ikikaribia moto huyeyuka mwilini. Tafuta makoti ya mitumba ya sufu katika masoko ya Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, uyafumue na kuyakata upya. Ukikosa, pamba nzito isiyong'aa, iliyofuliwa mara kadhaa kabla ya kushonwa, itakutosheleza.