Kuandaa data za malighafi na kupanga uzalishaji ndani ya SAP

Mpangaji wa uzalishaji anapoona SAP, programu ya kuendeshea shughuli za kampuni, inapendekeza kununua tani za malighafi ambazo tayari zimejaa ghalani, au inanyamaza kimya ilhali mtambo unakaribia kusimama kwa kukosa mafuta, ni nadra kosa kuwa kwenye hesabu yenyewe. Mfumo hukokotoa kwa kufuata yale yaliyoandikwa kwenye rekodi za bidhaa, na kwa sababu hiyo ninashauri rekodi hizo zinyooshwe kwanza, kabla mtu yeyote hajaendesha mpango. Maelezo yafuatayo yanahusu SAP S/4HANA, iliyozinduliwa mwaka 2015, na mfano tutakaoufuata ni wa kiwanda cha kufikirika kinachotengeneza sabuni ya mche kwa mafuta ya mawese yanayoletwa kwa meli kutoka Malaysia.

Rekodi ya bidhaa

Rekodi mpya hufunguliwa kwa muamala (msimbo unaoandikwa kufungua kazi fulani ndani ya SAP) MM01, hurekebishwa kwa MM02 na hutazamwa kwa MM03. Rekodi moja ina kurasa nyingi, na kila idara ina zake: ununuzi, mipango, ghala, uhasibu. Uamuzi wa kwanza, ambao ni mgumu kuubadilisha baadaye, ni kipimo cha msingi. Bidhaa ikishakuwa na akiba na oda, mfumo hauruhusu tena kilo kugeuzwa kuwa lita kwa urahisi, kwa hiyo kaeni na watu wa ghala na wa maabara mkubaliane mapema. Ikiwa mafuta hununuliwa kwa tani na hutumika kwa kilo, kilo iwe kipimo cha msingi, na tani iandikwe kama kipimo mbadala pamoja na uwiano wake.

Kurasa za MRP, yaani za hesabu ya mahitaji ya malighafi, ndizo zinazostahili subira kubwa kuliko zote. Aina ya MRP huamua namna bidhaa itakavyopangwa: PD hufuata mahitaji halisi na ya makadirio, VB huagiza akiba inaposhuka chini ya kiwango mlichoweka, na ND huiacha bidhaa nje ya mpango kabisa. Mafuta ya mawese, kostiki na katoni zipewe PD, kwa sababu matumizi yake hutokana moja kwa moja na kiasi cha sabuni kitakachotengenezwa. Glavu na vifaa vya usafi vinatosheka na VB. Kisha wekeni njia ya upatikanaji, E kwa kinachotengenezwa kiwandani na F kwa kinachonunuliwa nje.

Muda wa kupata malighafi ndipo viwanda vingi vinapoumia. Siku za kumsubiri msambazaji huhesabiwa kwa kalenda ya kawaida, Jumapili zikiwemo, lakini siku za kupokea na kukagua mzigo, pamoja na siku za kutengeneza ndani, huhesabiwa kwa siku za kazi za kalenda ya kiwanda. Anayenakili rekodi ya msambazaji wa mjini, yenye siku 7, akaitumia kwa mafuta yanayosafiri baharini na kupitia forodha, atapata pendekezo la kununua likiwa limechelewa kwa wiki kadhaa. Kalenda ya kiwanda nayo ihuishwe kila mwaka, hasa kwa sikukuu za Idi ambazo tarehe zake husogea.

Orodha ya vijenzi na njia ya uzalishaji

Orodha ya vijenzi huundwa kwa CS01. Andikeni kiasi cha msingi kikubwa, kwa mfano kilo 1,000 za sabuni badala ya kilo 1, kwa kuwa sehemu ya kiasi cha kijenzi hupokea tarakimu tatu tu baada ya nukta. Manukato yanayotumika kwa kiwango kidogo sana yatakadiriwa vibaya au kupotea mkianzia kilo 1. Kiasi kinachopotea wakati wa kutengeneza kiingizwe mahali pamoja tu. Kama fomula ya maabara tayari imejumuisha upotevu wa mafuta, msiweke tena asilimia ya upotevu kwenye kijenzi, la sivyo mtanunua upotevu huo mara mbili.

Vituo vya kazi hufunguliwa kwa CR01 na njia ya uzalishaji, yaani mfuatano wa hatua za kutengeneza, kwa CA01. Baada ya hapo kuna hatua ambayo waliotoka matoleo ya zamani huisahau: ni lazima muunde toleo la uzalishaji kwa C223, linalounganisha orodha ya vijenzi na njia yake. Bila toleo hilo, MRP ya S/4HANA haitaifungua orodha, na malighafi zitaonekana kana kwamba hazihitajiki.

Kuendesha mpango

Makadirio ya mauzo huingizwa kwa MD61. Mkitumia mkakati namba 10, sabuni hutengenezwa kwa makadirio na oda za wateja hazibadilishi kiasi cha kutengeneza. Mkitumia namba 40, oda za wateja hupunguza makadirio. Kwa namba 40, hakikisheni kwamba namna ya kupunguza na idadi ya siku zake vimejazwa kwenye rekodi au kwenye kikundi cha MRP, kwani zikikosekana mfumo unaweza kujumlisha oda na makadirio, na mahitaji yakavimba.

MRP yenyewe huendeshwa kwa MD01N, kisha matokeo ya bidhaa moja moja husomwa kwa MD04. Tuchukue mfano. Mnataka tani 40 za sabuni, na kila kilo 1,000 zinahitaji kilo 620 za mafuta. Mahitaji ni kilo 24,800. Ghalani kuna kilo 18,000, kilo 6,000 ziko njiani, na akiba ya tahadhari ni kilo 5,000 ambazo mfumo hauzigusi. Zinazoweza kutumika ni 19,000, kwa hiyo pungufu ni kilo 5,800. Kwa kanuni ya EX, yaani kuagiza kiasi kile kile kinachopungua, mfumo utapendekeza kilo 5,800 kamili. Mkiwa mmeweka kiwango cha chini cha ununuzi kuwa kilo 20,000, utapendekeza 20,000. Fanyeni hesabu hii kwa mkono kwa bidhaa chache muhimu kabla ya kuuamini mpango mzima. Kazi hiyo ni fupi, na hufichua makosa ambayo ripoti ndefu huyaficha.

Ndani ya MD04 someni pia namba za tahadhari. Namba 10 inataka oda iletwe mapema, 15 inataka isogezwe mbele, na 20 inasema oda haihitajiki tena. MD07 huziweka tahadhari za bidhaa nyingi pamoja, nazo zisomwe kila baada ya mpango kuendeshwa, kwa sababu MRP haibadilishi tarehe za oda za ununuzi zilizokwisha kutolewa. Kazi hiyo hubaki kwa binadamu.

Oda zilizosahaulika zinastahili ukali zaidi. Msambazaji akileta kilo 19,400 badala ya 20,000 na mkaridhika, kilo 600 zilizobaki zitaendelea kuhesabiwa kuwa ziko njiani hadi mtu aingie ME22N na kuweka alama kwamba upokeaji umekamilika. Vivyo hivyo oda ya uzalishaji iliyomalizika bila kufungwa kitaalamu (kuwekwa alama kwamba kazi yake imekwisha) kwa CO02 huendelea kushikilia malighafi ambazo hakuna atakayezitumia. Mpeni mtu mmoja, kwa jina lake, jukumu la kuzipitia oda zote zenye tarehe zilizopita kila wiki, siku moja kabla ya MRP kuendeshwa.