Cancún kwa bajeti ya kubana: kupanga hoteli ukitokea Mbeya

Bei ya chumba unayoiona kwenye simu ukiwa umekaa Mwanjelwa siyo bei utakayolipa Cancún, mji wa pwani wa Mexico. Katikati hapo kuna kodi, ada ndogondogo na nauli ya kila siku. Na kuna kosa moja ambalo watu hulifanya kabla hata hawajalinganisha hoteli: kulipia chumba kisichorudishwa fedha wakati viza haijatoka. Kwa hiyo tuanze na viza.

Viza kwanza, kulipia baadaye

Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza kuingia Mexico. Dar es Salaam hakuna ubalozi wao; maombi yetu hupitia ubalozi wa Mexico ulioko Nairobi, na unafika mwenyewe kwa miadi. Kwa mtu wa Mbeya hiyo ni safari ndani ya safari: zaidi ya kilomita 800 hadi Dar, kisha Nairobi, kisha kurudi. Nauli na malazi ya huko viingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, maana vinaweza kuzidi gharama ya usiku kadhaa wa hoteli unayoitafuta kwa bidii. Kuna njia ya mkato kwa wachache: ukiwa na viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen, unaingia Mexico kama mtalii bila viza yao.

Jihadhari na tiketi za bei rahisi zinazopitia Marekani. Hata kama unabadilisha ndege tu kwa saa mbili Houston au Miami, Mtanzania anahitaji viza ya Marekani ya kupita. Asipokuwa nayo, anaachwa Dar na tiketi yake mkononi. Njia isiyogusa Marekani ni kama ya Turkish Airlines, inayotoka Dar hadi Istanbul, kisha inaendelea Cancún kwa kupitia Mexico City. Ukinunua tiketi ya Songwe–Dar peke yake na ya kimataifa peke yake, acha usiku mzima Dar katikati. Ndege ya kwanza ikichelewa kwa hali ya hewa, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri.

Mpangilio unaofaa ni huu: weka nafasi ya hoteli inayofutika bila tozo (kwenye tovuti za Kihispania wanaandika *cancelación gratuita*), chapisha uthibitisho, uambatanishe kwenye maombi ya viza, subiri jibu, ndipo ununue tiketi. Baada ya hapo rudi kwenye hoteli utafute nafuu zaidi, na ukiipata, futa ile ya mwanzo kabla ya tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo inahesabiwa kwa saa za Cancún, ambako wako nyuma yetu kwa saa 8 mwaka mzima. Saa sita usiku yao ni saa mbili asubuhi Mbeya.

Tarehe za usiku nazo huwaponza wengi. Ndege ikitua saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12, chumba unachohitaji ni cha tarehe 11. Ukiweka cha tarehe 12 utakaa kwenye kiti cha mapokezi hadi saa tisa alasiri, muda ambao hoteli nyingi huanza kutoa vyumba. Na ukikosa kutokea usiku wa kwanza bila kutoa taarifa, hoteli inaweza kufuta siku zote zilizobaki. Ujumbe mmoja wa "nitafika usiku sana" unatosha kuzuia hilo.

Miji miwili yenye jina moja

Cancún ni mji wa kupangwa. Serikali ya Mexico ilianza kuujenga mwaka 1970, na tangu hapo umekuwa na pande mbili. Upande mmoja ni Zona Hotelera, kipande chembamba cha mchanga chenye umbo la namba 7 na urefu wa zaidi ya kilomita 20, bahari ya Karibi upande huu na ziwa la Nichupté upande ule. Upande wa pili ni El Centro, mji wenyewe, wanakoishi wafanyakazi wa hizo hoteli kubwa. Mtu wa bajeti ndogo analala El Centro na kwenda baharini kwa basi.

Anwani zitakuambia mengi ukijua kuzisoma. Kule Zona Hotelera kila kitu kiko kwenye barabara moja, Boulevard Kukulcán, na anwani ni namba ya kilomita. Hoteli mbili "za Boulevard Kukulcán", moja Km 9 na nyingine Km 18, zimeachana kama Mbeya mjini na Uyole. El Centro imegawanywa kwa vitalu viitwavyo Supermanzana, kifupi SM. SM 22 ndipo ilipo bustani ya Parque de las Palapas, yenye vibanda vya chakula jioni. SM 23 ndipo kituo kikuu cha mabasi ya ADO. SM 28 ndipo soko la Mercado 28. Hoteli ikiwa kwenye namba hizo au jirani zake, utatembea kwa miguu hadi kituo cha basi la baharini. Ukiona SM 200 na kuendelea, hiyo ni mitaa ya makazi ya mbali, hata kama picha ya kwanza ya tangazo ina mchanga mweupe na mnazi.

Neno moja la tahadhari: Mexico, *motel* au *auto hotel* mara nyingi ni nyumba ya saa chache, ile tunayoiita shoti taimu. Ukienda na familia, tafuta *hotel*, *posada* (nyumba ndogo ya wageni), au *hostal* kama hujali kulala chumba cha vitanda vingi.

Kukokotoa bei halisi

Tuchukue mfano wa hesabu tu, siyo bei ya hoteli fulani. Chumba kimeandikwa peso 700 kwa usiku, nawe unalala usiku 6. Hiyo ni 4,200. Kama bei haina kodi, ongeza kodi ya ongezeko la thamani, IVA, asilimia 16, yaani peso 672. Umefika 4,872, na bado kodi ya malazi ya Quintana Roo, jimbo lenye Cancún, haijaingia. Kisha kuna ada ya usafi wa mazingira, *saneamiento ambiental*, inayotozwa kwa kila chumba kwa kila usiku na mara nyingi hulipwa pale mapokezi hata kama ulishalipa kila kitu mtandaoni. Nje ya hoteli kuna Visitax, tozo ya jimbo kwa mgeni kutoka nje ya nchi, iliyoanza 2021 na hulipwa mtandaoni. Tovuti za kuiga ni nyingi na hutoza zaidi. Ya serikali huishia na gob.mx.

Halafu alama ya peso. Wanaiandika $, sawasawa na ya dola. Ubao wa "$180" mlangoni kwa muuza samaki ni peso. Lakini tovuti ya hoteli inaweza kukuonyesha dola, na ukurasa wa pili ukageuka peso. Tafuta herufi MXN au USD kabla ya kubonyeza chochote.

Kabla ya kulipa, tuma ujumbe hotelini wenye maswali manne mafupi, uyanakili hivihivi: *¿El precio incluye impuestos?* (bei ina kodi ndani?), *¿Tiene aire acondicionado?* (kuna kiyoyozi?), *¿Hay agua caliente?* (kuna maji ya moto?), *¿Guardan equipaje?* (mnatunza mizigo baada ya kutoka chumbani?). Jibu lao litunze kwenye simu. Ukibishiwa mapokezi, unaonyesha.

Swali la kiyoyozi msilichukulie juujuu, ninyi wa Uyole, Tukuyu na Makambako. Chumba cha feni (*ventilador*) ni rahisi na kinavutia kwenye karatasi. Lakini mtu aliyezoea blanketi mbili mwezi wa saba anaingia mji ambao usiku wa Julai huwa karibu nyuzi 25, na hewa yenyewe imejaa unyevu. Desemba hadi Februari feni inatosha. Mei hadi Oktoba lipia kiyoyozi na upunguze mahali pengine. Kwenye maoni ya wageni, tafuta maneno matatu: *humedad* (unyevu na ukungu ukutani), *ruido* (kelele) na *cucarachas* (mende). Chumba kinachotazama Avenida Tulum kitakuwa na kelele za magari. Omba cha nyuma.

Msimu

Bei hupanda katikati ya Desemba hadi Aprili, na hufurika wiki ya Pasaka pamoja na Machi, wanafunzi wa Marekani wanapokuwa likizo. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya bei ya chini, kwa sababu ya wazi: msimu wa vimbunga wa Atlantiki ni Juni 1 hadi Novemba 30, na Wilma, kilichoupiga mji huu vibaya, kilikuja Oktoba 2005. Kuna na mwani wa sargassum. Tangu 2011 umekuwa ukija kwa wingi kwenye pwani za Karibi, hasa kuanzia Aprili hadi Agosti. Huoza ufukweni na kunuka kama mayai viza. Likizo ya shule zetu ya Juni inaangukia humo humo. Kwa maoni yetu, Novemba hadi wiki ya kwanza ya Desemba ndiyo bora kwa mfuko mdogo: bei hazijapanda, mwani umepungua, na vimbunga vinaelekea kuisha.

Bahari ni ya wote

Mwenye chumba cha El Centro hana sababu ya kujiona mgeni wa pili. Kisheria fukwe za Mexico ni mali ya taifa, hoteli haina mamlaka ya kukuzuia kukaa mchangani, ila viti na miavuli ni vyao. Panda basi la R1 au R2, ndiyo daladala za huko, ushike peso za chenji mkononi. Upande wa kaskazini wa lile 7, kuanzia Playa Las Perlas (Km 2.5), Langosta (Km 5), Tortugas (Km 6.5) hadi Caracol (Km 8.5), maji ni tulivu, panafaa watoto na asiyejua kuogelea. Ukipinda kona, upande wa mashariki una mawimbi na mikondo inayovuta: Marlín (Km 13), na Delfines karibu na Km 18, ambako hakuna hoteli inayoziba mandhari. Tazama bendera: kijani ingia, njano kuwa makini, nyekundu au nyeusi baki mchangani. Mwani nao huelemea zaidi upande huu wa mashariki.

Ziwa la Nichupté usiliogelee kabisa. Lina mamba, na vibao vipo. Watu wa Kyela hawahitaji maelezo zaidi.

Kwenda kisiwa cha Isla Mujeres, panda boti Puerto Juárez, karibu na El Centro, badala ya gati za Zona Hotelera ambako nauli ni kubwa kwa kisiwa hichohicho. Kwenda mji jirani wa Playa del Carmen kuna *colectivo*, hiace zinazoondoka zikijaa, ng'ambo ya kituo cha ADO.

Kuwasili, chumbani, na chakula

Ukitoka forodhani utapita ukumbi wenye watu wa sare nadhifu watakaokuuliza hoteli yako na kukupa "maelezo ya bure". Ni wauzaji wa teksi na wa hisa za likizo, yaani kulipia haki ya kulala hotelini siku chache kila mwaka. Pita kama unayechelewa. Nje nunua tiketi ya ADO hadi Centro. Ni nusu saa hivi, na nauli ni sehemu ndogo ya teksi.

Shilingi yetu haibadilishwi huko. Beba dola safi zisizochanika kiasi, na kadi ambayo benki yako imeifungulia matumizi ya nje kabla hujaondoka. Toa peso kwenye ATM iliyo ndani ya tawi la benki. Mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa kiwango chake, kataa. Benki yako itabadilisha kwa nafuu.

Umeme ni volti 127 na soketi za pini mbili bapa. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V inafanya kazi kwa adapta tu, ambayo ni rahisi kuinunua mapema hapa nyumbani. Pasi usiibebe: ya wati 1,000 ya kwetu itatoa kama wati 300 kule, itapashapasha nguo bila kuinyoosha.

Bafuni, bomba lenye herufi C ni la moto, *caliente*. La baridi ni F, *fría*. Aliyezoea C kuwa ya baridi anaungua siku ya kwanza. Ukikuta kikapu kando ya choo na kibao ukutani, karatasi huenda kikapuni, kwa kuwa mabomba huziba. Maji ya bomba usinywe. Uliza kama hoteli ina *garrafón*, lile dumu la lita 20, ujaze chupa yako.

Mchana kula kwenye *cocina económica*, mama ntilie wa huko: chakula kiitwacho *comida corrida* huja na supu, mlo mkuu wenye wali au maharage, chapati za mahindi na kinywaji, kwa bei moja. Ugali sahau. Mchuzi wa rangi ya machungwa mezani ni wa habanero, pilipili kali sana, uonje kwa ncha ya kijiko. Parachichi zipo kila kona. Mexico inaongoza duniani kwa kuzizalisha, hivyo mtu wa Rungwe asitarajie kuwashangaza. Kifurushi cha *todo incluido*, chakula na vinywaji vyote ndani, kina maana kwa anayekaa hotelini kutwa. Anayetoka asubuhi na kurudi jioni anamlipia mwenzake bia.

Siku ya kuondoka, chumba hurudishwa saa tano au saa sita mchana. Ndege ikiwa ya usiku, acha begi mapokezi, udai amana yako kama ulitoa, na urudi kwa ADO ileile. Angalia namba ya terminali kwenye tiketi kabla ya kupanda, maana basi husimama kwenye zaidi ya moja, na kutoka moja hadi nyingine na begi siyo mwendo wa kutembea juani.