Mkulima anayetaka ubunge aanze na kalenda ya shamba

Katiba ya Tanzania haimdai mbunge digrii. Ibara ya 67 inamtaka raia aliyefikisha miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, aliyependekezwa na chama chenye usajili. Mkulima wa viazi wa Uyole, Mbeya, anatosha kabisa. Kinachomwangusha ni kalenda.

Uchaguzi Mkuu ni Oktoba, na kampeni huanza mwishoni mwa Agosti, mahindi yakiwa ghalani yanasubiri bei. Zinapoisha, majirani wameshatifua. Mvua za Novemba hazingoji utangazwe mshindi. Kwa hiyo uza magunia ya kwanza Julai, tenga kabisa pesa ya mbegu na mbolea ya kupandia, kisha mkabidhi mtu mmoja shamba kwa daftari. Anayeuza ghala zima kugharamia kampeni, akishindwa, Februari anakopa unga.

Usirukie ubunge, anza na udiwani. Kata unaizunguka kwa pikipiki, jimbo linataka gari. Zaidi ya hapo, ushuru wa mazao unajadiliwa kwenye baraza la madiwani, na huko ndiko utajifunza kusoma makabrasha ya bajeti. Kabla ya udiwani, shika uongozi wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kijiji kinamkumbuka aliyesimamia mzani na kukataa lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) kuliko aliyehutubia vizuri.

Kwenye kura za maoni za chama, wajumbe wanaopiga kura watakuzunguka. Usigawe mbolea wala sukari ukaita takrima, ule ukarimu kwa wapiga kura uliokuwa ukiruhusiwa na sheria: Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, huwa macho msimu huo.

Fomu ya uteuzi ndiyo inayomaliza wengi. Mwaka 2020 wagombea wengi walienguliwa katika hatua hii. Ubunge unahitaji wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa kupiga kura ndani ya jimbo lako. Kuishi jimboni hakutoshi. Kusanya 35 au 40, maana mmoja akigundulika kamdhamini na mpinzani wako, huyo hahesabiki. Namba zao nakili kutoka kwenye kadi yenyewe, usiandike za kutajiwa kwa simu. Jina lako liwe lile lile kila ukurasa: ukianza na “Mwakyusa” usimalize na “Mwakiusa”. Kula kiapo kwa hakimu siku mbili kabla, lipa dhamana ya shilingi 50,000, tunza risiti. Mlango wa msimamizi wa uchaguzi hufungwa saa 10 jioni, nawe ufike asubuhi, kosa likionekana upate muda wa kulirekebisha.

Ukishinda, una siku 30 kutoa tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili. Andika ekari, ng'ombe, trekta bovu, hata mkopo wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo.

Halafu Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, Dodoma. Ndio miezi ya kung'oa maharage na mahindi kukaukia shambani. Wa Iringa anaweza kupita Mtera akaliona shamba lake Jumamosi. Wa Kyela asijidanganye, amlipe msimamizi wa shamba.